Saladi ya Matunda Yenye Krimu kwa Shughuli: Namna ya Kuizuia Isijae Maji

Wengi wanaoandaa saladi ya matunda yenye krimu hapa Tanga hulalamikia jambo lilelile. Usiku bakuli huingia kwenye friji likiwa zito na la kupendeza, lakini adhuhuri, linapofunuliwa mbele ya wageni, matunda huonekana yakielea katika maji meupe, ndizi zimegeuka nyeusi, na ulimini hubaki uchungu ambao hakuna anayejua umetoka wapi. Kwa kawaida lawama huangukia krimu, na dawa inayotafutwa ni kuongeza kopo jingine la maziwa mazito. Dawa hiyo huongeza gharama na utamu bila kutibu kitu, kwa sababu maji mengi hutoka kwenye matunda yenyewe: embe lina maji zaidi ya asilimia 80, nanasi takriban asilimia 86, na tikiti maji zaidi ya asilimia 90.

Kwa hiyo karibu kila hatua katika mwongozo huu ina kazi ya kuyaondoa maji hayo mapema, au kuyazuia yasitoke kabla ya wageni kula. Vipimo vilivyotolewa vinatosha watu 20 hadi 25 wanaopewa kikombe kimoja kimoja baada ya chakula. Hakuna kuoka, jiko litatumika kwa muda mfupi tu.

Mahitaji

Kwa krimu:

- Mtindi usio na sukari, lita 2
- Maziwa freshi yaliyochemshwa na kupozwa, mililita 500
- Unga wa kastadi, vijiko 4 vya mezani
- Maziwa mazito matamu ya kopo, kopo 1 la takriban gramu 400
- Sukari, vijiko 2 vya mezani
- Hiliki 6, zilizomenywa na kutwangwa

Kwa matunda:

- Maembe dodo makubwa 3, yaliyoiva lakini bado magumu kidogo
- Nanasi 1 la wastani, pamoja na sukari vijiko 2 vya kulipikia
- Matufaha 3
- Ndizi sukari 6
- Ndimu 2
- Pasheni 4 za kupambia
- Korosho zilizokaangwa bila mafuta, gramu 100

Vyombo: sufuria ndogo yenye kitako kizito, mwiko, chujio la waya, chujio kubwa la matundu, kitambaa cheupe cha melimeli au cha pamba nyepesi, beseni, bakuli kubwa lenye mfuniko, kisu kikali na kibao cha kukatia. Kibao kilichozoea vitunguu na samaki kisitumike hapa hata kama kimeoshwa, kwa maana maziwa hunasa harufu haraka sana.

Matunda yanayofaa na yasiyofaa

Embe ndilo tunda la kutegemewa zaidi katika saladi hii, kwa sababu nyama yake ikiwa imeshikana hukatika vipande safi na haitoi maji mengi. Embe dodo linafaa, na bolibo pia, mradi lisiwe limeiva kupita kiasi. Embe linalobonyea kwa kidole kama siagi lisagwe kwa juisi. Mwishoni mwa mwaka, maembe yanapojaa sokoni Mgandini, kuchagua ni rahisi. Katika miezi mingine mwandaaji asilazimishe embe bovu, bali ajaze nafasi yake kwa mapeasi au matufaha ya Lushoto yakipatikana, au kwa papai lililoiva bila kulegea.

Nanasi linastahili maelezo marefu kidogo, kwani ndilo chanzo cha ule uchungu. Nanasi bichi lina kimeng'enya kiitwacho bromelini, ambacho huvunjavunja protini. Likikutana na maziwa au mtindi, protini za maziwa huanza kukatwa vipande vidogo, na baadhi ya vipande hivyo vina ladha chungu. Wakati huohuo krimu hulegea na huweza kukatika. Kazi hii huendelea hata ndani ya friji, japo polepole, na ndiyo sababu saladi iliyoonjwa jioni ikasifiwa huwa chungu asubuhi. Moto huua kimeng'enya hicho. Nanasi lililochemka dakika chache, au la kopo ambalo tayari limepikwa kiwandani, halina madhara hayo. Papai nalo lina kimeng'enya cha aina hiyo, lakini kwa wingi kiko katika utomvu wa papai bichi. Papai lililoiva vizuri linaweza kutumika iwapo saladi italiwa siku hiyohiyo.

Tikiti maji liachwe. Najua linapendwa, lina rangi nzuri na bei yake ni nafuu, lakini hakuna namna ya kulikata likakaa ndani ya krimu kwa saa tatu bila kuigeuza maji. Likatwe likaliwe pembeni kwenye sinia lake.

Machungwa ya Muheza, yanapofurika katikati ya mwaka, huwashawishi wengi kuyatumbukiza kwenye bakuli. Asidi yake hukatisha maziwa na maji yake hayana kikomo. Anayeyataka ayamenye hadi ngozi nyembamba ya ndani itoke, ayachuje, kisha ayapange juu ya kila kikombe wakati wa kugawa. Pasheni nayo hufuata utaratibu huohuo.

Ratiba

Jioni ya kuamkia shughuli: kuchuja mtindi, kupika kastadi, kupika nanasi. Asubuhi: kukata matunda na kuyakausha. Saa mbili au tatu kabla ya kula: kuchanganya. Ndizi, pasheni na korosho: wakati wa kugawa. Saladi hii haipendi kuchanganywa usiku, na anayesisitiza kufanya hivyo ili asubuhi apumzike asishangae matokeo.

Hatua ya 1: Chuja mtindi

Tandika kitambaa safi, kikiwa kimekunjwa mara mbili, ndani ya chujio kubwa, kisha weka chujio hilo juu ya beseni au sufuria. Mimina mtindi wote, kusanya ncha za kitambaa, zifunge, na uweke friji kwa saa 6 hadi 8. Mtindi wa pakiti wa Tanga Fresh unafaa, na wa kugandishwa nyumbani unafaa vilevile ikiwa maziwa yalichemshwa kabla ya kugandishwa.

Asiye na friji auchuje ndani ya deli la barafu kwa saa 3 au 4 tu na auchanganye mara baada ya hapo, kwa sababu katika joto la pwani mtindi huendelea kuchachuka kadiri unavyoning'inia. Katika hali hiyo kila kitu kifanywe asubuhi ya siku ya shughuli, si jioni iliyotangulia.

Sababu ya hatua hii ni kwamba mtindi wa kawaida una maji mengi ya kimanjano ambayo yangetoka baadaye ndani ya bakuli. Katika lita 2 utabaki na kiasi cha nusu au pungufu kidogo. Maji yaliyochujika yasimwagwe. Yanakanda unga wa chapati vizuri.

Dalili ya mafanikio: kijiko kilichojaa mtindi huo kikigeuzwa chini juu, mtindi haudondoki.

Hatua ya 2: Pika kastadi nzito

Koroga unga wa kastadi katika mililita 100 za maziwa baridi mpaka usione hata donge moja. Usitumie maziwa ya moto hapa, kwa maana unga utajikusanya katika madonge ambayo nje yameiva na ndani bado ni makavu.

Maziwa yaliyobaki yaweke motoni pamoja na sukari na hiliki. Yanapokaribia kuchemka, punguza moto, mimina mchanganyiko wa kastadi taratibu huku mkono mwingine ukikoroga bila kusimama, na uendelee kukoroga dakika 2 au 3 baada ya kuanza kutokota. Kwenye jiko la mkaa, ambalo moto wake haupungui kwa amri, inua sufuria kila inapoonekana kushika chini.

Wapishi wengi huipua kastadi mara tu inapokuwa nzito, nalo ni kosa. Chembe za wanga zinahitaji joto la kutosha ili zivimbe na kuyashika maji; zikiipuliwa mapema, kastadi hubaki na ladha ya unga na hulegea baada ya saa kadhaa.

Onyo moja ambalo ni nadra kuandikwa: usionje kwa kijiko kisha ukakirudisha sufuriani. Mate yana kimeng'enya kinachovunja wanga, na kiasi kidogo tu kinatosha kuanza kuilegeza kastadi iliyokuwa imeshikana. Kila mara onja kwa kijiko kipya, na watoto wanaozungukazunguka jikoni wapewe sufuria ya kukombea mwishoni, si kabla.

Weka sufuria ndani ya beseni la maji baridi na ukoroge mara kwa mara ili ngozi isifanyike juu. Ikishapoa, funika na uweke friji. Isilale mezani usiku kucha. Kama kuna madonge, ipitishe kwenye chujio la waya ingali ya moto, kwa sababu ikishapoa haichujiki tena.

Dalili ya mafanikio: ukipitisha mwiko chini ya sufuria, njia hubaki wazi kwa muda kabla kastadi haijaifunika.

Hatua ya 3: Pika nanasi

Menya nanasi, toa macho na moyo wake mgumu, kisha likate vipande vya sentimita 1. Viweke sufuriani na vijiko 2 vya sukari bila maji, kwa kuwa nanasi litatoa yake lenyewe. Yakichemka, hesabu dakika 5 huku ukigeuza ili vipande vyote vipate moto sawasawa. Chuja, acha vipande vipoe kabisa, viweke friji. Sharubati iliyobaki ni tamu sana ikichanganywa na maji ya barafu na tangawizi.

Hatua ya 4: Kata matunda na uyakaushe

Osha matunda yote kwa maji safi yanayotiririka yakiwa bado na maganda, hata yale utakayoyamenya, kwa sababu kisu huusukuma uchafu wa ganda ndani ya nyama. Yapoze kwanza kwenye friji. Embe lililotoka juani huipasha krimu moto na kuilegeza.

Maembe yakate vipande vya sentimita 1.5. Vipande vidogo kupita hapo vina nyuso nyingi zilizokatwa, na kila uso uliokatwa ni mlango wa maji. Kisu butu nacho huponda badala ya kukata, hivyo kinoe kabla ya kuanza.

Matufaha yakate mwisho, yaloweke dakika 3 katika lita 1 ya maji safi yenye maji ya ndimu moja, kisha yachuje. Asidi ya ndimu huchelewesha weusi unaotokea nyama ya tunda inapokutana na hewa.

Tandaza kitambaa safi kwenye sinia, mwaga vipande vya embe na tufaha juu yake, funika kwa kawa na uache dakika 20. Ukiweza, weka sinia hilo mahali penye upepo mdogo wa feni. Hatua hii inaonekana ndogo na ndiyo inayorukwa zaidi; kitambaa kitakapoinuliwa kikiwa kimelowa, utayaona kwa macho maji ambayo yangekwenda kwenye krimu.

Usinyunyize sukari juu ya matunda kwa hali yoyote. Sukari huyavuta maji kutoka ndani ya tunda, na baada ya nusu saa utakuwa na matunda yaliyosinyaa ndani ya sharubati. Utamu mwingi wa saladi hii unatoka kwenye maziwa mazito.

Hatua ya 5: Changanya krimu

Toa kastadi kwenye friji. Itakuwa imeganda kiasi cha kukatika kwa kijiko. Ipige kwa mwiko mpaka ilainike, lakini dakika moja inatosha, kwani kastadi iliyoganda ikipigwa sana hulegea na hairudi tena.

Ongeza robo tatu ya kopo la maziwa mazito, kisha mtindi uliochujwa, kwa mafungu matatu, ukigeuza kutoka chini kwenda juu. Maziwa mazito yanapokutana na uchachu wa mtindi huzidi kuwa mazito, kwa hiyo usiogope ikiwa mwanzoni mchanganyiko unaonekana laini kuliko ulivyotarajia. Uache friji dakika 30 kabla ya kuuhukumu.

Onja ukiwa baridi. Chakula baridi huonekana kuwa na utamu pungufu ulimini, hivyo krimu iliyoonjwa ikiwa vuguvugu na ikaonekana sawa itapooza baadaye. Robo iliyobaki ya kopo ni ya kurekebishia.

Kuhusu krimu ya kupigwa ya maduka makubwa: inaweza kutumika, mililita 500 mahali pa kastadi, ikiwa lebo inaonyesha mafuta asilimia 30 au zaidi, na ikapigwa katika bakuli lililokaa juu ya barafu. Ikishasimama uache kuipiga, maana hatua inayofuata ni siagi. Mimi siipendekezi kwa shughuli ya uani chini ya turubai. Krimu ya kupigwa husimama kwa ubaridi wa mafuta yake, na ubaridi huo ukipotea nayo inalala. Kastadi hushikwa na wanga na huvumilia joto vizuri zaidi.

Jelatini haihitajiki hapa. Anayeizoea akumbuke kwamba nyingine hutengenezwa kutokana na nguruwe, kwa hiyo lebo isomwe kabla ya kuileta kwenye shughuli ya Waislamu, na kwamba haigandi penye nanasi bichi.

Hatua ya 6: Unganisha

Saa mbili au tatu kabla ya kula, weka embe, tufaha na nanasi katika bakuli kubwa. Ongeza krimu kidogo kidogo, ukigeuza kwa mwiko mpana, mpaka kila kipande kifunikwe bila kuzama. Pengine hutaimaliza krimu yote. Iliyobaki iweke akiba, kwani itafaa kuongezwa juu ya vikombe.

Funika na urudishe friji. Kitu cha moto au cha vuguvugu kisiwekwe rafu hiyohiyo, na friji isifunguliwe kila mara kwa ajili ya maji ya kunywa, jambo ambalo siku ya shughuli ni gumu kulitii, kwa hiyo maji ya kunywa yawekwe kwenye deli la barafu mapema.

Dalili ya mafanikio: weka kijiko kimoja cha saladi kwenye sahani na ukiache dakika 10. Kama pembeni hakuna duara la maji, kazi imekamilika.

Hatua ya 7: Gawa

Menya ndizi wakati vikombe vimekwisha kupangwa. Zikate, zigeuze na kijiko kimoja cha maji ya ndimu, kisha zitie kwenye bakuli na kugeuza mara mbili au tatu tu. Jaza vikombe, weka pasheni kidogo juu, malizia kwa korosho. Korosho zikitiwa mapema hunywa maji na kupoteza ule mlio wake mdomoni.

Barafu, umeme na usafiri

Vyakula vya maziwa havipaswi kukaa nje ya ubaridi zaidi ya saa 2, na joto likizidi nyuzi 32, kama linavyofanya hapa kati ya Desemba na Machi, muda huo hushuka hadi saa 1. Hesabu muda huo tangu bakuli lilipotoka friji, pamoja na safari.

Kupeleka saladi kutoka Raskazone hadi Ngamiani si mbali, lakini foleni ya kusubiri chakula kigawiwe ndiyo inayoumiza. Weka bakuli lililofunikwa ndani ya beseni kubwa, zungushia barafu iliyovunjwa, na unyunyize chumvi ya mawe ngumi mbili juu ya barafu hiyo. Barafu yenye chumvi huwa baridi kuliko barafu tupu. Hakikisha mfuniko umekaza, kwa sababu maji hayo ya chumvi yakipenya yameharibu kila kitu. Hotpoti kubwa iliyolazwa friji usiku nayo hutunza ubaridi vizuri, ingawa tumezoea kuitumia kwa pilau.

Umeme ukikatika usiku, usifungue friji. Iliyofungwa bila kuguswa hutunza ubaridi kwa takriban saa 4. Muda huo ukikaribia kuisha bila umeme, ingiza barafu ndani, au ukubali kwamba mtindi na kastadi vinaanza upya asubuhi.

Mambo yakiharibika

Saladi imejaa maji lakini ladha yake ni nzuri: imwage yote kwenye chujio kubwa kwa dakika 15 ndani ya friji, kisha irudishe kwenye bakuli na krimu ya akiba. Usiongeze unga wa kastadi mbichi. Hautaganda bila moto na utaacha ladha ya unga.

Bado ni nyepesi na wageni wamekwisha kaa mkekani: ponda biskuti za kawaida, weka tabaka chini ya kila kikombe, mimina saladi juu. Biskuti zitakunywa maji na wengi watadhani ndivyo ilivyokusudiwa.

Krimu ni chungu: hiyo ni kazi ya nanasi bichi na haiponi. Sukari haiifichi. Kama kuna krimu ya akiba ambayo haikuguswa na nanasi, anza upya na embe peke yake.

Ndizi zimekuwa nyeusi: ziopoe zile za juu na ufunike kwa pasheni, ladha haijabadilika.

Kwa mgeni asiyekunywa maziwa, tenga matunda yake mapema. Pika tui zito mililita 250 na kijiko kimoja na nusu cha wanga wa mahindi (kornflawa), tia sukari na hiliki, lipoze na ulitumie siku hiyohiyo, kwani tui huchacha haraka kuliko maziwa.

Saladi iliyobaki ndani ya friji bila kugawiwa, ikiwa haijatiwa ndizi, italiwa salama siku inayofuata ingawa itakuwa imelegea. Iliyolegea sana isagwe na kugandishwa askrimu za vijiti kwa watoto. Ile iliyokwisha kuzunguka mezani kwenye joto, hata kama inanukia vizuri, imwagwe.